Usizeekee Kwenye Kiti cha Kairo

Ziwani, Nairobi
Ijumaa jioni

Mwanangu Nafula,

Sitakuuliza hali yako, kwa maana nimekuona saa hii ukivuka uwanja kwenda kwa Mama Wambui kusukwa nywele, na ugali wako umeumaliza ukaongeza. Wala sitakuandikia kwamba mimi ni mzima, hofu ni kwako. Mguu wa kushoto unaniuma kwa kukanyaga cherehani wiki nzima, na hofu ninayo, ila nitaieleza huko mbele kwa sababu ndiyo iliyonikalisha hapa mezani.

Mama Wambui nimemwomba akusuke zile nyembamba zinazochukua muda. Kwa hiyo ukiumwa na kichwa njiani, ujue ni mimi. Nilitaka nafasi ya kuandika bila wewe kunichungulia begani.

Barua hii nitaishonea ndani ya mfuko wa koti lako, kwa uzi mweupe na mishono mikubwa, ili uione na uifungue bila kurarua bitana. Juu ya bahasha nimeandika, Fungua ukiwa Kairo. Kama unaisoma ukiwa bado angani, au mbaya zaidi, ukiwa bado hapa Ziwani nyuma ya mlango wa bafu, basi nilizaa mpelelezi na sina la kufanya. Lakini nakuomba uirudishe mfukoni na uingoje Kairo. Ni barua ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha uwanja wa ndege, na haina maana mahali pengine.

Habari za soksi, dawa ya kifua, na kumwandikia mchungaji, baba yako ameshakwambia, na kesho atakwambia tena kule uwanja wa ndege wa Embakasi mbele ya watu wote waliokuja kukusindikiza. Namjua. Atakwambia hata ukiwa umeshapita mlango, atapiga kelele kutoka kule roshani. Mpungie mkono tu. Mimi nataka kuzungumza juu ya siku moja peke yake, hii ya leo uliyo nayo mikononi, kati ya ndege ya kwanza na ya pili. Umefika asubuhi na utaondoka usiku. Siku nzima ya bure. Mimi niliwahi kupewa siku kama hiyo, mahali hapo hapo, nikaiharibu.

Hadithi ya kwaya yetu unaijua jinsi inavyosimuliwa hapa mtaani. Wale Wajerumani wa kanisa, hao hao wanaokupeleka sasa kusomea uuguzi, walitualika akina mama tukawaimbie. Wewe ulikuwa darasa la tatu. Tulishona sare, nikazikata mimi mwenyewe juu ya meza hii, na kesho yake tukapandishwa lori la kanisa hadi Embakasi tukiimba njia nzima. Tulipofika Kairo tukaambiwa ndege ya pili ni usiku.

Basi, sisi tulijua safari moja tu, ile ya basi la kwenda nyumbani Krismasi. Na kwenye basi la Krismasi ukitoka kitini kununua ndizi, ukirudi unakuta mtu mzima amekalia leso yako, na anakuapia kwamba hajaona leso. Kwa hiyo tulipoingia kile chumba kikubwa cha kungojea, tukachagua viti vilivyo karibu na mlango, tukavitandika leso, na tukakaa. Tukakaa, Nafula. Msalani tulikwenda kwa zamu, wawili wawili, mmoja akimshikia mwenzake kibeti. Chakula cha kampuni ya ndege tulikikataa kwa adabu, tukala chapati za jana yake na mayai ya kuchemsha ambayo yalikuwa yameanza kunung'unika. Viti vilikuwa vitupu chumba kizima. Hakuna mtu aliyevitaka viti vyetu. Hapo ndipo watu wa Ziwani hucheka, na Mama Wambui huongeza kwamba mimi nilifunga leso yangu kwenye mguu wa kiti kwa fundo. Ni kweli, nilifunga.

Sasa sikiliza ya pasipoti, maana hiyo haichekeshi sana.

Asubuhi ile ile alikuja afisa mmoja, mtu mnene mwenye masharubu, mpole sana. Alisema tuache pasipoti zetu kwake, naye atampa kila mtu kikaratasi. Kwa kikaratasi hicho tungepanda basi la kampuni twende hotelini, tuoge, tulale, na anayetaka akaone mto na mapiramidi. Jioni tungerudisha vikaratasi, tupewe pasipoti zetu. Mwalimu Shadrack, aliyekuwa kiongozi wa kwaya, hata hakumwacha amalize. Alitugeukia akasema, "Hakuna mtu kupeana pasipoti! Mtu akitoa pasipoti asiniulize mimi. Mnasikia?"

Tulisikia. Na hata asingesema tusingetoa.

Wewe umezaliwa baada ya mambo hayo kwisha, na sisi hatukuyasimulia vizuri. Wakati wa Hali ya Hatari, enzi za mkoloni, baba yake Mama Wambui alisimamishwa na askari pale karibu na mfereji, pale pale unapochotea maji. Askari akamwomba kipande, yaani kitambulisho chake, akitazame. Akakitazama, akakitia mfukoni mwake, halafu akamwuliza, "Kipande chako kiko wapi?" Mzee akapandishwa lori. Alirudi miaka mingi baadaye akiwa hana meno ya mbele, na Mama Wambui alikuwa ameshaolewa. Kila mama wa kwaya ile alikuwa na lori lake. Hata sisi tuliotoka upande wa magharibi, ambao hatukuguswa sana, tulikua tukiyaona. Kwa hiyo mtu mwenye sare anapokwambia nipe karatasi yako nikupe hii ndogo, mwili unakataa kabla akili haijaulizwa.

Palikuwa na sista mmoja wa Uganda, mfupi, tuliyekuwa naye ndege moja. Yeye alimpa yule afisa pasipoti yake kama mtu anayerudisha sahani kwa jirani. Akachukua kikaratasi, akatuaga, akaenda. Tulimwombea. Mama mmoja alitokwa na machozi kabisa.

Hiyo ndiyo nusu inayosimuliwa. Nusu nyingine tumeinyamazia, mimi na Mama Wambui.

Mjomba wako Barasa, kaka yangu mkubwa, unamjua kwa jina na kwa ile picha iliyokwaruzika. Aliondoka nyumbani akiwa kijana, wakati vijana wengi walipokuwa wakipenya Uganda na Sudani kwenda Kairo kutafuta masomo. Alimwambia Kukhu, mama yetu, anakwenda Kitale kununua viatu, atarudi jioni. Bibi yako mpaka leo husema viatu hivyo lazima vimekuwa ghali sana. Huko Kairo alisoma kidogo, akapata kazi kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu, akaoa. Alikuwa akiandika mara moja moja. Tulipoitwa Ujerumani nilimwandikia kwamba tutapitia kwake, nikamtajia siku.

Alikuja. Kati ya chumba chetu na ukumbi wa watu wa nje palikuwa na kioo kutoka sakafuni hadi darini. Mama Wambui ndiye aliyemwona kwanza. Alinigusa kwa kiwiko. "Mama Nafula, hebu angalia yule jamaa pale. Si hiyo ni pua yenu?"

Ilikuwa pua yetu. Alikuwa na kitambi na upara umeanza, amevaa koti safi, na juu ya mabega yake amembeba mtoto wa kike, mdogo, mwenye nywele nyingi zilizofungwa utepe. Nilisimama nikapiga kelele katikati ya uwanja wa ndege wa watu. Nikakimbia hadi kwenye kioo, nikaweka mkono, naye akaweka wake upande wa pili. Kioo kilikuwa baridi. Alisema kitu, nikaona midomo tu. Nikasema mimi, akatikisa kichwa. Basi akaenda kuzungumza na yule afisa wa masharubu, na afisa akaja kwangu. "Yule ni ndugu yako," aliniambia. "Acha pasipoti hapa, chukua karatasi hii, uende ukae naye mpaka jioni. Mlango ni ule."

Niliitoa pasipoti. Nataka ujue hivyo, niliitoa kwenye kibeti, nikaishika mkononi. Nyuma yangu Mwalimu Shadrack akasema, "Mama Nafula, fikiria." Mwingine akanivuta mkono. "Uko na watoto nyumbani, wewe. Wakikushika huku nani atakulilia?" Nikautazama mlango. Haukuwa mbali, ulikuwa kama kutoka kwetu hadi kwa Mama Wambui. Nikamtazama afisa, nikaona sare. Nikairudisha pasipoti kwenye kibeti, nikarudi kitini kwangu penye leso yangu iliyofungwa fundo.

Usimlaumu Mwalimu Shadrack, hakunifunga kamba. Nilikaa mwenyewe.

Barasa alidhani nimekwenda kuaga wenzangu. Alingoja mlangoni. Baadaye alirudi kwenye kioo, akamshusha mtoto, na mtoto akabandika viganja viwili na pua. Nilipunga mkono, naye akapunga. Tukapunga mpaka ikawa upuuzi. Kisha mjomba wako akaketi chini, mgongo wake kwenye kioo, koti lake safi kwenye sakafu, na mtoto akalala mapajani mwake. Nilitazama kisogo cha kaka yangu mchana kutwa, Nafula. Alasiri aliinuka, akampa afisa kifurushi aniletee, akaondoka bila kugeuka.

Kifurushi kilikuwa tende. Na kama vile haikutosha, tuliziogopa pia. Mama Wambui alisema hatujui zimetiwa nini. Nikaziweka chini ya kiti.

Jioni sista wa Uganda alirudi. Pua imechomwa na jua, ananukia nyama ya kuchoma, anacheka peke yake. Alimpa afisa kikaratasi, afisa akampa pasipoti, naye akaisukuma kwenye mkoba bila hata kuifungua kuhakikisha. Basi. Hivyo tu. Hapo ndipo nilipofahamu nilichokifanya, na wakati huo tulikuwa tunaitwa kupanda ndege. Nililia mpaka Ulaya. Wenzangu walidhani naogopa kuwa juu. Mama Wambui peke yake alijua, akafungua kile kifurushi akala tende ya kwanza yeye, ili kama ni sumu imwanze. Ndiyo maana husikii nikimsema Mama Wambui, hata akinichosha.

Ule mmea wenye miiba kwenye debe hapo mlangoni, unaowachoma watoto wa jirani, ulitokana na kokwa za tende hizo. Umeuliza mara nyingi kwa nini siutupi.

Niliporudi nikaenda nyumbani Kimilili kumpa Kukhu habari. Alikuwa bado anaona wakati huo. Alinipa kigoda, akakaa mbele yangu.

"Ulimwona?"

"Nilimwona, Mayi. Amenenepa."

"Alisemaje?"

"Kulikuwa na kioo. Sauti haikupita. Alikuwa amebeba mtoto wa kike."

"Na huyo mtoto, anaitwa nani?"

Nikaanza kumweleza nywele za mtoto na utepe wake. Akanikatiza. "Ulipita juu ya mawingu, Nekesa, ukafika mpaka mlangoni kwa kaka yako, ukarudi bila jina la mtoto?"

Hakuniambia tena neno juu ya hilo, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Lakini unajua jinsi anavyoomba jioni. Huwataja wajukuu wote kwa majina, kuanzia mkubwa, bila kuruka hata mmoja, kwa sababu anasema mtoto asiyetajwa ni kama mtoto aliyeachwa njiani giza likiingia. Tangu siku ile, akifika mwisho wa orodha, ananyamaza, halafu anasema, "Na yule wa kwenye kioo, Wewe unalijua jina lake." Ulikua ukisikia hivyo ukadhani ni habari ya Biblia. Uliwahi kuniuliza ni sura ya ngapi. Sikukujibu, nilikutuma dukani.

Barasa hakuandika tena. Mimi niliandika, nikachoka. Mwaka jana kijana wa Mzee Khaemba wa Kimilili alipitia Kairo, akamkuta bado kwenye kile kiwanda. Alituletea salamu na habari kwamba yuko, ana afya, hana la kuandika. Nikamwuliza, "Na binti yake anaitwa nani?" Akajikuna kichwa. Wanaume wanaweza kula kwako siku tatu wasijue majina ya watoto wako.

Na sasa nikuambie lililo lako katika haya. Hofu niliyotoka nayo pale kitini sikuiacha Kairo. Nilirudi nayo nikakulea nayo. Safari ya shule ya Mombasa nilikukatalia, nikasema hakuna nauli, na nauli ilikuwepo. Kwenda kwa shangazi yako Kariobangi, mchana, mtu mwenye akili zake, nilikutafutia wa kukusindikiza. Ulipofika kidato cha pili ukaniambia, "Mathe, we umeniweka kwa kabati kama vikombe vya wageni." Nilikupiga kofi. Nilikupiga kwa sababu Mama Wambui alikuwepo akacheka, na kwa sababu ulisema kweli. Naona haya kwa kofi lile. Asubuhi hii ulipoletewa chai kwenye vile vikombe vyenye maua ukauliza nani amekufa, hakuna aliyekufa. Nilitaka unywee hivyo kabla hujaondoka.

Hofu yetu haikuwa ya kijinga, usije ukawacheka wale akina mama. Ilikuwa na sababu zake hapa mferejini. Kosa letu ni kuibeba mpaka mahali ambapo hakuna aliyetujua wala aliyetutafuta, na kuiamini kuliko macho yetu. Viti vitupu tulikuwa tunaviona. Sista tulimwona akienda na tukamwona akirudi. Macho yalikuwa yanasema jambo moja na mwili unasema jingine, na sisi tukafuata mwili. Sijui kama mtu anaweza kujifunza kufuata macho. Mimi nimejaribu, na siku nyingine naweza.

Wiki iliyopita nilikwenda ofisi ya ndege kule mjini. Sikukwambia, ungenicheka. Nilimwuliza binti wa pale kama bado wanachukua pasipoti na kutoa kikaratasi, akasema ndiyo, kwa wenye kungojea muda mrefu, na kitanda na chakula ni juu ya kampuni. Nikamwuliza kama wanarudisha. "Wanarudisha, mama." Nikamwuliza tena. Mara ya tatu alicheka, lakini akanijibu.

Kwa hiyo nawa uso. Rekebisha saa yako ifuate ya kwao, usije ukaishi siku nzima kwa saa ya Ziwani. Kunywa chai yao, ukikuta ni ya rangi na majani yanaelea, ndivyo wanavyopenda. Usijione mshamba kwa kuuliza. Mimi nilijiona mjanja kwa kutouliza, umeona ujanja huo ulikonifikisha. Usikubali kushinda hapo unahesabu mizigo ya watu.

Juzi nilimpelekea Barasa simu ya maandishi kupitia posta, yenye siku yako ya kufika na jina lako. Mpaka jioni hii hajajibu. Sitakudanganya kwamba atakuja. Anaweza kuwa nyuma ya kioo sasa hivi, na anaweza kuwa kiwandani ameikunja simu yangu akaitia kwenye taka. Ana haki. Lakini wewe toka hata usipomwona. Panda hilo basi, oga, kautazame huo mto ambao mimi nimeuona kwenye ramani tu. Nambari ya simu ya kiwanda nimeiandika nyuma ya bahasha. Mwambie mtu wa hotelini akupigie, wao wanajua lugha.

Ukimwona, utamjua kwa pua. Mwamkie kama mjomba, kwa mikono miwili. Anaweza kuwa mkali au akawa bubu. Sisi wa nyumba ile tukiumia tunakuwa hivyo. Mwambie, Mama anasema aliogopa. Usiongeze kitu. Usimwambie habari ya Mwalimu Shadrack wala ya lori, hiyo nitaisema mwenyewe tukionana. Mwambie, hakukosa hamu nawe, aliogopa. Maneno hayo hayo.

Na ule mfuko wa karatasi niliokulazimisha ubebe mkononi, ukauliza kwa nini ndani mna viatu vya kiume, ni vyake. Kukhu amevinunua. Madaktari walipomwambia macho hayarudi, akaja kukaa nasi hapa, alinituma soko la Gikomba nikamchagulie, akavipima kwa mguu wa baba yako kwa vidole vyake, akaongeza nafasi kidogo kwa sababu ya kitambi, eti mtu akinenepa hunenepa mpaka miguuni. Anasema umwambie hivi, "Viatu vimepatikana. Sasa nini kinakuweka huko?" Umwambie ukicheka, kwa maana yeye mwenyewe alisema akicheka. Baadaye alilia, lakini hiyo si lazima umwambie.

Usilete picha. Watu wa huko wanapenda kupiga picha, na wewe utaona ni wazo zuri, lakini Kukhu haoni tena na picha haitamfaa kitu. Andika maneno ya mjomba wako kama anavyoyatamka, kwa Kibukusu chake, hata kama kimechakaa. Nitamsomea Kukhu nikiwa nimekaa kitandani pake. Na jina, Nafula. Yule mtoto sasa ni msichana mkubwa, amekukaribia kimo, huenda hata amekuja kukulaki na pua yetu usoni. Mwulize jina lake, na jinsi linavyotamkwa, mwambie alirudie mpaka ulishike. Ukilipata, usingoje kufika Ujerumani. Niandikie kadi papo hapo, jina tu, hata bila salamu.

Mimi kesho sitapanda ile roshani ya kupungia. Nimemwambia baba yako mguu unaniuma. Ukweli ni kwamba nimepunga mkono vya kutosha katika maisha yangu. Nitakuaga chini, nikikushika, halafu nitarudi zangu Ziwani kuendelea na sare za watu. Ukiona sipo kule juu usidhani sina hamu nawe. Ninakupenda, na sikukwambia mara nyingi kwa sababu nilikuwa na kazi ya kukulinda, na kazi hiyo ilikula maneno yote.

Nakusikia unacheka mlangoni kwa Mama Wambui, ina maana ameshamaliza. Lazima nishone haraka. Nyuma ya pazia Kukhu ameacha kuniuliza ninaandika nini, ameanza kuomba. Amewataja wa Kimilili wote. Amemtaja kaka yako Wekesa, amemtaja dada yako Nasimiyu, amekutaja wewe akaongeza "anayesafiri kesho." Sasa amefika mwisho, amenyamaza pale anaponyamaza siku zote.

Inuka, mwanangu. Mpe yule bwana pasipoti, chukua kikaratasi, utoke. Kukhu anangoja jina.

Mimi mama yako,
Nekesa